Kapu la Aibu la Daktari wa Paka

Mpaka leo nikiona uzi sakafuni nauokota. Niwe kwangu, niwe kwa watu, niwe msibani nimekaa mkekani wenzangu wanasoma Yasini, mkono utakwenda wenyewe. Wanangu hunicheka, wanasema mama ana ugonjwa wa nyuzi. Juzi nilikuwa nafungua mzigo dukani, harufu ya nguo mpya ikanipanda puani, ile ya nailoni na rangi na mafuta ya cherehani, kipande cha uzi mweupe kikaanguka, na paka wa jirani akakirukia. Nilipiga ukelele mpaka mteja akaacha pochi yake akakimbia. Nikampokonya paka ule uzi, nikakaa chini, nikalia. Mteja aliporudi kuchukua pochi akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa, lakini si leo.

Nimefiwa na mama. Na tangu aondoke, vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyonipeleka kwake. Picha zake naziangalia na silii, lakini uzi huo uliniangusha.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa na mama wafanyabiashara mtanielewa. Sikusoma mimi, niseme mapema, mtu asije akatafuta humu maneno makubwa. Shule niliiacha chini kabisa pale Dar, mama aliponichukua kwenda naye Guangzhou, Uchina, akasema nitaingia ya kule muhula ujao. Muhula ujao huo mpaka leo naungoja. Shule za kule zilitaka karatasi ambazo hatukuwa nazo, basi nikasomea sokoni, kwa wanawake wa vibanda vya vifungo na zipu, na Kichina changu kikawa cha kununulia na kutukania. Mama yeye hakukijua. Mama alikuwa na macho, mimi nilikuwa mdomo wake.

Tulikaa ghorofa ya juu, nyuma ya yale majengo ya nguo za jumla ya Guangyuan Xilu. Siku zile mji ulikuwa unajengwa hivi kwamba ukienda kununua mkate, ukirudi unakuta jengo la jirani limeongezeka sakafu. Uwanja wa ndege wa Baiyun ulikuwa bado haujahamishiwa mbali, ndege zilipita juu ya paa letu chini sana, na mabaibui kwenye kamba yakapepea kama yanaaga. Chumba kimoja tulilala mimi na mama, kimoja kilijaa mzigo mpaka darini, na cha tatu alipanga Mjomba Haji. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa Mzanzibari anayenunua makava ya simu, mtu wa mizaha, na ukikaa ugenini na mtu mmemenyeana vitunguu, huyo keshakuwa mjomba.

Na alikuwapo Belo. Belo alikuwa paka wangu, jike, mweupe mwenye mkia mweusi. Tulimkuta stoo ya Shahe, kule kwenye nguo za bei ya chini, amelala juu ya belo, robota la nguo, lililopasuka, mama yake hayupo, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Mama alisema tumwache. Nikalia njia nzima mpaka wapagazi wakamwambia mama kitu, na kwa bahati nzuri mfasiri nilikuwa mimi. Tukarudi kumchukua.

Kumpenda, mama hakumpenda. Ndivyo nilivyoona. Belo alilala juu ya mabaibui meusi kwa makusudi, akiacha kanzu nyeupe, na manyoya yake yakabaki humo. Siku moja mteja wa Kariakoo alipiga simu, sauti imejaa chumba: "Bi Mwajuma, mabaibui yako mbona yana ndevu?" Mjomba Haji akacheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alimtazama Belo kwa jicho nililolijua, jicho la kuangalia kola iliyoshonwa upande.

Hapa lazima nieleze jambo moja la mama, maana bila hilo haya mengine hayasimami. Mama akiingia karakana ya nguo hakuangalia nguo iliyotundikwa mbele. Sampuli, alisema, ni bibi harusi, na siku hiyo kila mmoja anapendeza. Alimwendea mwenye mali, laoban wanavyomwita kule, akamwomba jambo lisilowezekana. Mathalani, kanzu za pamba tupu, zisizokunjamana, kesho asubuhi. Laoban akisema "keyi", yaani inawezekana, mama alishika mkoba wake akaondoka. Akisema "bu xing", haiwezekani, mama alivuta kiti. Kisha aliuliza swali lake la pili: "Mwambie anionyeshe kapu la aibu."

Kapu la aibu ni jina lake mwenyewe mama. Ni lile kapu lililoko nyuma ya kila karakana, la nguo zilizoharibika: mkono mmoja mrefu, zipu kinyume, doa la mafuta. Mama alisema kila mwenye mikono ana kapu hilo. "Anayekwambia hana," alisema, "ujue keshalipakia kwenye mzigo wako." Kwa hiyo alilipekua, akauliza hii iliharibikaje, na hii je. Laoban aliyeeleza vizuri makosa yake ndiye aliyepata oda. Mimi nilifasiri haya mara nyingi kama kasuku, bila kuyatia akilini.

Basi. Belo akaugua. Kwanza aliacha samaki, jambo lililonitisha kuliko kama angeacha kupumua. Kisha akawa anatapika povu, amejikunyata ndani ya boksi chini ya meza ya kufungia mzigo, mgongo umepinda. Mama alikuwa anashona midomo ya viroba kwa ule uzi mweupe mnene. Mjomba Haji ndiye aliyeinama akamwangalia nyuma, akainuka na habari.

"Bi Mwajuma, paka wako ana uzi unachungulia chini ya mkia. Lo! Kala uzi wako wa viroba. Hebu niuvute, tumalize kazi."

"Haji! Usiuguse!"

"Kha! Uzi tu huo."

"Suruali yako ikitokeza uzi, unauvuta?"

"Naukata."

"Kwa nini?"

"Nikiuvuta mshono mzima waachia."

"Basi na huyo ana mshono wake ndani. Toa mkono."

Mjomba Haji akatoa mkono, akauangalia kama si wake. "Haya, bibi. Sasa wamtafutia bwana mifugo? Paka? Wallahi nikisema Darajani hawataniamini. Kwetu bwana mifugo aja na sindano ya ng'ombe, paka hukimbia mwenyewe akapona huko huko."

"Tutamtafuta," mama alisema. Akaingia chumba cha mzigo, akatoka na begi la kurudishia.

Begi hilo lilikuwa shangazi kaja la miraba ya bluu na nyekundu, limechakaa, zipu imekufa. Kazi yake ilikuwa moja tu: mama akipata mali mbovu kwenye mzigo, aliitia humo akamrudishia laoban, akaimwaga mezani kwake mbele ya wateja. Kilichoingia begi lile hakikurudi kwetu. Mama akatandika kanga ndani, akamlaza Belo, akaniambia, "Vaa viatu, mdomo wangu, kuna kusema leo." Nikavaa. Nilijua tunakwenda kumrudisha Belo kama mali mbovu. Sikujua tu laoban wake ni nani.

Daktari wa kwanza alikuwa karibu na barabara kubwa, duka la vioo. Watu wa kule ndiyo kwanza walianza kupata fedha za kufugia mbwa wa mapambo, na pale mlangoni alikaa mbwa mwenye nywele za kujiviringisha amevaa viatu. Viatu vinne, nyinyi! Nilimwonea wivu, maana mimi changu kimoja kilikuwa kinacheka mbele. Daktari kijana, koti jeupe, akachungulia begi kwa juu juu, hakutia mkono.

"Mwambie nataka apone leo, jioni nimchukue," mama alisema.

Nikasema. "Keyi," akajibu.

"Mwambie sitaki sindano wala dawa wala kisu."

Nikasema, ijapokuwa niliona haya. Daktari akatabasamu. "Keyi, keyi."

Mama akashika mpini wa begi. Tukatoka. Mbwa mwenye viatu akatusindikiza kwa macho.

Wa pili alikuwa tofauti. Mwanamume wa makamo, mikono laini, alimtoa Belo kwenye begi taratibu kama anatoa mayai, akampapasa tumbo, Belo akanguruma kidogo, naye akamwomba radhi. Kweli, paka aliombwa radhi. Mimi akanipa peremende ya maziwa. Ukutani kwake zilijaa picha za mbwa na paka na vyeti vyenye mihuri myekundu. Alisema hawezi kuahidi leo, na hilo nililifasiri kwa furaha, kwa kuwa nilijua mama atavuta kiti. Akavuta kweli. Kisha akasema:

"Muulize, mgonjwa kama huyu, wa mwisho kumshinda, alikuwa nani? Na alikosea wapi?"

Niliuliza. Yule daktari akaonyesha ukuta kwa mkono mzima. "Mei you," akasema. Hakuna. Hajawahi kushindwa na hata mmoja.

Nilimgeukia mama nikicheka, peremende mdomoni. "Mama, hakuna hata mmoja aliyekufa! Wote wamepona!"

Mama akasimama, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa, akamrudisha Belo begini.

Nilidhani amenisikia vibaya. Nikarudia: wote wamepona, mama. Akasema, "Nimesikia." Tukashuka ngazi. Hapo ndipo nilipokata shauri ndani ya moyo wangu mdogo: mama hataki Belo apone. Kampata anayeponya wote, kamkataa. Anatafuta mahali pa kumtupa. Nilitembea nyuma yake katikati ya wapagazi wanaovuta mikokoteni ya mabelo, wanapiga kelele tuwapishe, na ile peremende nikaitema, maana ilikuwa chungu.

Mwanamke mmoja wa kibanda cha zipu kule Shahe, rafiki yetu, ndiye aliyetuelekeza kwa wa tatu, kichochoroni huko huko, kati ya fundi wa mikanda na muuza tambi. Mlangoni palining'inia pazia la vipande vya plastiki kama la bucha. Hilo nalo halikunisaidia. Ndani meza moja ya bati, taa moja, na daktari mwanamke, nywele fupi, mikono imejaa mikwaruzo mipya na ya zamani. Hakutusalimu. Alinawa kwanza. Kisha akasema na Belo, si na sisi, akampanua kinywa, kidole gumba kikasukuma kutoka chini ya taya, ulimi ukainuka. Akatuita kwa kichwa.

Chini ya ulimi, umekaza kama pete kwenye kidole kilichovimba, ulikuwapo ule uzi mweupe.

"Umezunguka hapa," alisema, "na mwisho wake uko kule nyuma. Katikati utumbo umejikunja kama kiuno cha suruali ya mpira. Mtu akivuta, unakatika. Nani amevuta?"

Nikamfasiria mama. "Mwambie hakuna aliyevuta."

Daktari akamtazama mama kwa mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa, kama laoban anavyomtazama mnunuzi anayejua kitambaa.

"Muulize kama jioni nitamchukua," mama alisema.

"Bu xing," akajibu, hata sikumaliza. Anamfungua sasa hivi, na atabaki naye mpaka ale mwenyewe.

Mama hakuwa na kiti cha kuvuta, akaegemea ukuta. "Haya. Muulize lile."

Sikutaka. Lakini mdomo wa mama nilikuwa mimi. Nikauliza: kama huyu, wa mwisho kukushinda, alikuwa nani, na ulikosea wapi?

Daktari alivua miwani. Nje muuza tambi alikuwa anapiga unga mezani, pa, pa, pa. Daktari akasema, polepole, ili mtoto aweze kufikisha:

"Paka wa rangi ya chungwa, wa fundi mmoja hapa hapa mtaani. Uzi vilevile. Nilidhani utatoka wenyewe, nikangoja mpaka kesho yake. Alikufa juu ya meza hii. Sasa singoji."

Niligeuka kwa mama nikayasema yote, kila neno. Nikafika kwenye maneno "meza hii", nikaona mkono wa Belo umelala juu ya bati ile ile, nikashindwa, nikaanza kulia kwa kwikwi.

"Muulize huyu atapona?"

"Anasema... anasema hajui. Atajua akimfungua."

Mama akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Huyu," akasema. "Tumwache hapa."

Nililipuka. Nilimkumbatia Belo, nikapiga kelele ambazo kichochoro kizima kilisikia ingawa hakikuelewa. "Unataka afe! Yule wa wote kupona umemkataa, huyu muuaji umemkubali! Umemtia kwenye begi la kurudishia! Kisa ndevu za mabaibui!"

Daktari akauliza nasema nini. Sikumfasiria.

Mama alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nilitegemea kofi. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Begi la kurudishia?"

"Ndiyo!"

"Mwanangu, mabegi mengine yote yana zipu nzima. Hili ndilo limekufa zipu. Angepumua wapi?"

Nikalitazama lile begi. Mdomo wake ulikuwa wazi kweli, na mama njia nzima alikuwa ameushikilia kwa vidole usifunge.

"Na huyu?" nikasema. "Kasema mwenyewe paka kamfia."

"Nimemwomba kapu la aibu, akanionyesha. Yule wa peremende alisema hana kapu. Sasa Belo tumpe mtu anayejua alikosea wapi, au tumpe mtu ambaye bado hajajua?"

Vidole vyangu ndivyo vilivyojibu, vikalegea kimoja kimoja kwenye manyoya. Daktari akamchukua Belo. Mimi akaniita "xiaomei", mdogo wangu wa kike, ndivyo wanavyowaita wasichana wadogo kule, akaniambia nikae kwa muuza tambi, nisitazame.

Tulikaa. Mama hakwenda stoo siku ile, na mzigo ulikuwa unangojwa. Aliagiza tambi zisizo na nyama, hakuzila. Alivuta uradi kimya kimya kwa vidole, na nilipochungulia midomo yake nikasikia jina la Belo katikati ya dua. Mwanamke aliyetaka tumwache stoo!

Pazia la plastiki lilipofunguka, daktari alitoka na kipande cha shashi mkononi, na juu yake uzi wetu wa viroba, umeoshwa, umekunjwa, mrefu kama wa kutungia kishada. "Yuko hai," alisema. "Tungoje ale." Tukaingia. Belo alikuwa amelala, ulimi nje, tumbo limenyolewa, na katikati ya ngozi ya waridi mshono. Mama aliinama. Nilimwona macho yakipita juu ya mshono ule kama anavyopitisha juu ya pindo, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwambie mshono huu hata viwandani siupati."

Nikafasiri. Daktari, ambaye hakuwa ametabasamu tangu tuingie, akacheka mpaka akashika meza. "Mwambie asije akaniagizia kontena."

Belo alikula. Si siku ile, lakini alikula, samaki, kwenye kiganja cha daktari, na alipoturudia Mjomba Haji alimpigia saluti mlangoni akasema, "Karibu mgonjwa wa ng'ambo, wewe sasa wanipita heshima." Mama akahamisha uzi wa viroba kwenye kopo lenye kifuniko, na tangu siku ile kabla ya kulala tulipiga magoti wote watatu, Mjomba Haji akinung'unika, kuokota nyuzi sakafuni. Mabaibui yaliendelea kuwa na ndevu. Miaka ilipokwisha tukarudi nyumbani kabisa, Belo tulimwachia yule daktari wa Shahe, na habari ya mwisho niliyopata kwa mwanamke wa zipu ni kwamba analala dirishani, mnene, anawadharau mbwa.

Sasa nimalizie nilikoanzia. Mama alipougua kwa mara ya kwanza, huku Dar, watu wakaniletea majina. Huyu bingwa, yule kasoma wapi na wapi. Mimi sijui kusoma vyeti vya ukutani. Nilijua swali moja tu. Nilimuuliza wa kwanza, akakasirika. Wa pili akaniambia kwa uwezo wa Mungu hajawahi kupata tatizo. Wa tatu alivua miwani. Akaniambia habari ya mzee mmoja aliyemfia, na mahali alipochelewa, na anachokifanya sasa kwa sababu ya yule mzee. Mama alitoka salama mikononi mwake, akafunga Ramadhani nyingine kadhaa, akaendelea kunikosoa namna ninavyokunja nguo, na siku yake ilipofika aliondoka kitandani kwake mwenyewe.

Lakini mimi ninachokiona kila nikiokota uzi ni asubuhi ile ya hospitali, mama juu ya kitanda cha magurudumu, anangoja kupasuliwa, kanga hadi kidevuni, ananiuliza kwa sauti ndogo:

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, mama."

"Analo kapu?"

"Analo. Kanionyesha."

Akafumba macho, akaachia mkono wangu.

"Huyu," akasema. "Niache hapa."